Marahaba ya Mzee Hezekia

Bodi ya shule ya misheni ya Kinampanda ilikutana kumjadili Alute, mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekiri kwamba moyo wake huwapenda wavulana wenzake. Mzee Hezekia, babu yake, alikuwa mjumbe.

Alute aliingia na sare iliyopigwa pasi. "Shikamooni, wazee wangu."

Hakuna aliyeitika. Macho yake yakamtafuta babu. Hezekia, aliyemfundisha mwenyewe kuamkia, akainama akajikohoza.

"Mmenitoa kwaya, mmenitenga bwaloni," Alute alisema. "Nimemkosea nani? Niambieni, nimwombe radhi."

"Hebu msikieni! Anatuhoji sisi!" mwenyekiti, mchungaji wa misheni, alifoka.

"Nawauliza, Mchungaji, kwa kuwa ninyi ndio mlionifundisha kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa."

Walipiga kura ya kumfukuza kwa kunyoosha mikono. Mkono wa Hezekia ulipanda wa mwisho, lakini ulipanda.

Alute akabeba godoro lake, akapanda basi kwenda kwa mama yake Ikungi. Tangu hapo hajakanyaga kwa babu. Watoto wa Kinampanda wakimwamkia mzee njiani, yeye huitika "Marahaba" kwa sauti kubwa kupita kiasi, kana kwamba ingeweza kufika Ikungi.