Kiti Kando ya Friza

Ndirangu, mhudumu wa kliniki, alikuwa akipangusa maji yaliyovuja chini ya friza ya maabara wakati Raiyan, aliyezikwa Alhamisi, alipoingia na kuvuta kiti.

"Ulipokuwa hai tulikupigia simu uje mpaka tukachoka," Ndirangu alimwambia. "Leo umejileta."

"Sasa nina nafasi, bro. Nangoja damu yangu."

Ndirangu aligeuza feni isimpige, akaendelea kupangusa.

Damu hiyo ilitolewa mwaka uliotangulia, kwa utafiti juu ya vijana wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Raiyan alikuwa bado mdogo kisheria, kwa hiyo mamake, Bi Swafiya, ndiye aliyetoa idhini. Aliambiwa itahifadhiwa kwa muda. Hakuuliza muda gani. Alidhani muda wa damu ni muda wa mwenyewe.

Majirani walimwona Raiyan akipita kila alasiri na sanda yake, wakampelekea mamake habari pamoja na sahani ya mahamri. Bi Swafiya alielewa. Kitovu cha mwanawe alikizika kwa mkono wake uani. Nywele alizonyolewa na kucha alizokatwa zilikwenda mchangani pia, kwa kuwa mtu hurudi mzima kama alivyokuja. Kilichobaki juu ya ardhi ni kijichupa kimoja cha damu.

Ila mtaani ilijulikana kwamba Raiyan alikufa kwa kifua. Kuidai damu ni kuutaja ugonjwa.

Bi Swafiya alivaa buibui, akaenda. Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa. Hata jirani yake Bi Ruba alikuwepo na bintiye Safaa, ambaye, kwa maneno ya mamake, alisumbuliwa na jino.

"Nimekuya kutwaa damu ya mwanangu Raiyan," Bi Swafiya alisema. "Ile ya utafiti wa Ukimwi."

Watu wakatazama simu zao.

"Kumbe si kifua," alisema Bi Ruba.

"Si kifua, Ruba. Na kijijini Matondoni kawaambie, wasipitwe."

Msimamizi wa utafiti, Daktari Jeilani, alimwingiza maabara, akampa pole. Alieleza kwamba chupa hazina majina, zina nambari tu, ili vijana wasiaibishwe. Hapakuwa na njia ya kujua ipi ni ya nani.

"Ni ile ya pembeni," Raiyan alisema kutoka kitini. "Haijaganda."

Ndirangu alifungua friza. Katikati ya chupa zilizoota barafu, moja ilikuwa nyekundu, ina joto la chai iliyokwisha kumiminwa. Daktari aliigusa, akakubali kwamba ina joto.

"Basi nipe nikamzikie," Bi Swafiya alisema.

"Bi Swafiya, damu isiyoganda ina thamani kubwa. Wenzetu ng'ambo watataka kuichunguza. Itasaidia vijana wengi."

"Na huyu hapa si kijana?"

Daktari alimtazama Raiyan. Raiyan alimsalimia.

"Ulitoa idhini, Bi."

"Nilikubali muiweke. Sikuwapa."

Daktari alisema amemwelewa, na kwamba utaratibu haukuwa mikononi mwake.

Sanduku la barafu lenye ile chupa lilipochukuliwa kwenda uwanja wa ndege wa Manda, Raiyan alikuwa amelikalia. Bi Swafiya alimvisha sweta juu ya sanda, akamfunga vifungo mpaka shingoni.

"Huko wasema kuna baridi."

"Usijali, mama. Mimi na baridi tumeshazoeana."

Kila Ijumaa Bi Swafiya huenda makaburini kumsomea Yasini, akaketi upande ule ule wa kaburi lake, ingawa anajua kwamba Raiyan hayupo.

Jumatatu iliyofuata safari ile, Bi Ruba aliingia maabara na Safaa. Alitazama mlango hadi ulipofungwa.

"Damu ya mwanangu mtakaa nayo muda gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa muda," alijibu Ndirangu, akakipangusa kile kiti kando ya friza, akamwambia Safaa akae.