Gereji ya Masikio

Tangu astaafu, Masikio hakuwahi kukaa kitako akamaliza kikombe kimoja cha chai. Anakunywa mafunda mawili, ananyanyuka, anatoka uani, anahamisha jiliwa. Jiliwa hilo, chuma kizito cha kubania vitu, lilifungwa kwanza pembe ya kushoto ya meza ya kazi. Likafunguliwa, likapelekwa kulia, likarudishwa kushoto, na sasa meza yenyewe ilikuwa na matundu kama chekeche. Mkewe alimtazama kupitia dirisha la jikoni, akashindwa kuvumilia.

"Baba, hilo jiliwa limekukosea nini?"

"Nimesikia!" akajibu Masikio bila kugeuka.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake siku hizi. Muulize saa, nimesikia. Mwite aje kula, nimesikia, na chakula kinapoa mezani. Mkewe alikuwa akisimama hapo dirishani kidogo, kisha anarudi kwenye vyombo vyake.

Jina la Masikio alipewa katika karakana ya kampuni ya malori, alikofanya kazi miaka thelathini na moja. Mafundi wengine walifungua injini ndipo wajue inaumwa nini. Yeye alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini inayonguruma, mpini sikioni, akafumba macho, akasema, "Silinda ya nne." Ukifungua, ya nne kweli. Madereva walikuwa wakikubali kupanga foleni tangu asubuhi ili asikilize yeye tu, si mwingine.

Sasa masikio yenyewe, tuseme ukweli, yalikuwa yamekwisha. Miaka yote hiyo ya nyundo na injini zisizo na ekzosi, ulitaka yabaki mazima? Mwaka wake wa mwisho kazini alishusha injini nzima ya lori, siku tatu za jasho, kumbe kilichokuwa kinagonga ni bati la matope lililolegea juu ya tairi. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata aliandika barua ya kustaafu, akausingizia mgongo, na mgongo wa watu hauna hata maumivu.

Hakumwambia mtu. Mkewe ndiye kabisa hakutaka ajue.

Akajipa moyo kwamba kwenye gereji yake mwenyewe, pasipo makelele ya karakana, atasikia tu. Akachimba shimo la kuingia chini ya lori, akalijengea kwa matofali, akalisakafia. Akasimamisha nguzo nne, akaezeka mabati, akaning'iniza mnyororo wa kunyanyulia injini. Ukutani akagongomea ubao, akachora kwa chaki umbo la kila spana na kila nyundo, ili kila kifaa kijue kwao. Umbo la bisibisi ndefu alilichora katikati, kama picha ya mkubwa wa nchi ofisini. Langoni akaweka kibao: GEREJI YA MASIKIO. Kila akipita chini ya kile kibao alijiuliza: Je, wakija? Na wasipokuja?

Kitu kimoja tu kilimfurahisha siku zile. Mkewe alimtuma dukani nati mbili, na Masikio, kwa furaha kwamba mama naye ameanza kuijali gereji, akaleta kumi na mbili, za saizi aliyoichagua mwenyewe. Mkewe alifungua kile kibahasha, akazitazama zile nati. Akaigeukia sufuria ya mboga iliyokuwa ikingoja mekoni.

"Ahsante, baba!" akasema kwa sauti kubwa, akazimimina kwenye kopo tupu la majani ya chai. Mchana ule mboga zilikuja mezani chukuchuku. Masikio alikula haraka, akarudi kwenye jiliwa.

Mteja wa kwanza alikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa Polepole, dereva mzee aliyeendesha lori la kampuni lenye pua ndefu mbele hadi kampuni ikachoka nalo, akalinunua yeye. Aliliingiza chini ya mabati taratibu, kama kawaida yake, akashuka na uso wa mtu anayepeleka mgonjwa.

"Linagonga, kaka," alisema. "Gereji ya njia panda wananiambia nishushe injini. Nikawaambia silishushi mpaka Masikio atie sikio. Ila nikuambie kabisa, injini ikishuka sina uwezo wa kuipandisha. Wewe ukisema ishuke, nalikata, nauza chuma chakavu, naenda kukaa nyumbani."

"Nimesikia," akasema Masikio, na safari hii alikuwa amesikia karibu yote.

Akachukua bisibisi ndefu. Polepole akaacha injini iungurume. Masikio akagusisha ncha, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Akapata mtikisiko. Akahamia sikio la pili. Uvumi tu, kama watu wanaongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Jasho likamtoka kwapani. Akasogeza ncha mbele, akairudisha nyuma, akaikandamiza mpaka sikio likauma. Wapi! Na Polepole yuko pale, kofia mkononi, anamtazama midomo.

Angeweza kusema ukweli. Alishindwa. Akakumbuka malori ya umri ule huwa yanakufa kwa ugonjwa gani, akabahatisha chuma cha ndani kabisa.

"Koni rodi," akasema. "Injini inashuka."

Polepole akakaa juu ya tairi kuukuu, akashika kichwa. Masikio akaukimbilia mnyororo, bisibisi bado mkononi, akaanza kuushusha kwa pupa. Hapo ndipo mkewe alipotokea na vikombe viwili vya chai. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja kuelekea injini iliyokuwa bado inanguruma.

"Baba! Huyo si bibi anatwanga."

Hapa lazima nieleze. Enzi zile Masikio akirudi kazini, wakati wa kula alimwigizia mkewe milio ya injini za siku hiyo, na mama, ambaye hakutaka kusumbuliwa na majina ya vyuma, akaibatiza mwenyewe. Koni rodi iliyolegea, ndu, ndu, ndu, ni bibi anatwanga. Tapeti iliyoachia nafasi, chuma kidogo cha juu kisichohitaji injini kushushwa, tiki tiki tiki, ni kuku anadonoa. Beringi ya pampu ya maji ni mzee anasaga meno. Walikuwa wakicheka mpaka wanapaliwa.

"Nimesikia!" Masikio akafoka.

"Hujasikia. Huyo ni kuku anadonoa, tena kuku mwenye njaa."

"Mama, rudi ndani! Mambo ya injini umesomea wapi wewe?"

"Mezani kwangu," akasema. "Miaka thelathini na moja."

Akaweka chai chini, akakaza nguo kiunoni, akaichukua bisibisi mkononi mwa mumewe. Masikio akabaki na vidole vimekunjwa kama bado ameishika. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira palikuwa na aibu. Mkewe akagusisha ncha kwenye injini, mpini sikioni.

"Hapa kimya. Hapa kimya. Hapa..." Akacheka. "Hapa anadonoa mpaka nayaona mahindi."

Polepole akazima injini bila kuambiwa. Masikio akafungua mfuniko juu ya tapeti, akapitisha kipimo cha nafasi, kile cha vibati vyembamba. Mahali pale pale alipogusisha mama, kibati kikaingia kikacheza. Basi mikono yake ikashika kazi, na mikono haikuwa na ugonjwa wowote. Akalegeza, akazungusha, akapima, akakaza. Wakati wa kurudisha mfuniko, nati moja ilikuwa imeliwa meno. Akapekua makopo yake yote, hamna. Mkewe akaingia jikoni, akarudi na kopo la majani ya chai. Nati ya kwanza tu ikakaa sawasawa.

Polepole akawasha. Masikio hakuusikia uponyaji wa ile injini, aliuona usoni kwa Polepole. Mzee mzima alirusha kofia ikatua shimoni, akaifuata mwenyewe, akatoka na vumbi, akawashika mikono wote wawili.

"Sasa nimwite nani Masikio?" akauliza, akapanda lori lake akaenda zake, taratibu.

Uani pakatulia. Masikio hakugusa jiliwa. Aliketi, akachukua kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, akakinywa chote. Mkewe akaketi kando yake na lile kopo mapajani, akizichezea zile nati zilizobaki. Mwaka mzima alikuwa akipaza sauti ndani ya nyumba ile, na leo koo lilikuwa limechoka. Akasema kitu kwa sauti yake ya zamani, ile ya chini. Masikio aliona midomo tu ikienda.

Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lile lile la siku zote. Akalimeza.

"Sijasikia," akasema. "Rudia, mama."

Mkewe akaweka kopo chini. Kisha akasogea mpaka mabega yakagusana, akamwekea mdomo sikioni.

"Nazi, baba. Siku ile nilikutuma nazi mbili."