Hesabu ya Nyundo

Ndindi alisoma fizikia kwa sauti, kwa hiyo nusu ya mafundi wa Kariobangi waliisoma naye bila kupenda. Miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kushika chuma chekundu kwa koleo, fundi Mbaluka apige, yeye ahesabu. "Moja!" nyundo inapotua. "Mbili!" Ya nane, anageuza. Hapo ukikosea hesabu huwekewi alama ya mkasi daftarini kama shuleni. Mbaluka alikosea mara moja, akabaki na vidole tisa.

"Niaje, injinia? Leo gurudumu limekwambia nini?" Mbaluka alimtania.

"Kwamba lililo zito ukingoni, likishaanza kuzunguka, kulisimamisha ni taabu. Kama mdomo wako, fundi."

Chuo cha ufundi kilitaka C plasi ya fizikia. Ndindi, miaka thelathini na minne, alikuwa ameikosa mara mbili, na alikuwa amemwapia mamake kwamba baada ya mara ya tatu hakuna ya nne.

Mwalimu Mulongo, mstaafu wa reli aliyefundisha watu wazima Makongeni kila Jumamosi, alimlisha nishati na mizunguko hadi akashiba. Mpembeo, kizito kinachobembea kwenye uzi, alimchorea tu ubaoni.

"Vifaa hatuna, mama. Lakini shika hili: andika ulichokiona. Usipike majibu."

Mtihani ulipofika, karatasi ya nadharia Ndindi aliifua kama bati. Siku ya maabara akapewa kigololi cha chuma kwenye uzi: pima muda wa mipembeo ishirini, kisha utafute nguvu ya mvutano wa dunia. Akakiachilia, akabonyeza saa, akanong'ona, "Moja." Kiliporudi, "Mbili." Kwenye ishirini akasimamisha. Akabadilisha urefu wa uzi mara tano, na grafu ikanyooka kama reli.

Jibu: kumi nukta tisa.

Alijua vitabu vinasema tisa nukta nane. Kalamu ilimwasha. Akamkumbuka Mulongo, akaandika alichokiona, akatoka na roho nyeupe.

Jumatatu nyundo ikatua. "Moja!" Ikapaa, ikatua. "Mbi—"

Akalaza koleo. Mapigo mawili, na katikati yake mwendo mmoja tu. Mapigo ishirini, miendo kumi na tisa; na kule maabara alisema "moja" kabla kigololi hakijaenda popote. Akachukua chaki, akapiga hesabu upya ubavuni mwa fuawe. Tisa nukta nane. Hata desimali haikuchezacheza.

"We Ndindi! Chuma kinapoa!"

"Nilihesabu kigololi kama nyundo, fundi."

"Si uende uwaambie?"

"Bahasha za mtihani zilifungwa Ijumaa."

Wiki kadhaa baadaye matokeo yalikuja kwa simu, akiwa ameshika koleo. C. Plasi haikuwepo. Akayasoma mara mbili, akarudisha simu mfukoni mwa aproni.

Mbaluka akausoma uso wake. Akainua nyundo, akangoja.

"Piga, fundi," Ndindi alisema. "Hii ndiyo hesabu ninayoijua."

Ikatua.

"Moja."