Mfuniko na Ungo

"Nyuzi zinakufa huku juu, mama," Abeli alisema, na kabla hajaulizwa akalipakata gitaa kuonyesha. Kidole chake kilipanda shingo mpaka karibu na mwili wa gitaa, kikabonyeza uzi mwembamba na kuusukuma kando ili sauti ipande. Sauti ilianza vizuri, ikapanda kidogo, ikakatika.

Hana hakuhitaji hata kuunganisha spika. Alilipokea gitaa, akalinyanyua usawa wa jicho na kuchungulia shingo yake kutoka ncha hadi ncha, kama mtu anayechagua ubao kwa muuza mbao. Lilikuwa gitaa la kwaya, jekundu, limebanduka rangi pale mkono wa marehemu mumewe, Joshua, ulipoegemea kwa miaka kumi na mitano. Baada ya matanga kwaya ilimkabidhi Abeli, mwalimu kijana, naye hakulipokea kwa furaha. Hana alipatazama pale palipobanduka, akasubiri moyo useme neno. Haukusema. Huu ulikuwa mwezi wa tano tangu msiba.

"Umeshusha nyuzi," alisema.

"Nimezishusha, ndiyo. Mzee aliziacha juu mno, nikatoka malengelenge. Nikipandisha naumia, nikishusha zinakufa. Na Jumamosi tunaimba kule Mvumi."

"Ubao wake una mgongo. Ukisukuma uzi kando unaupandisha kilima. Ukifika kileleni unagusa vyuma vya mbele, hivi vilivyopangwa shingoni, basi, sauti imekwisha."

"Dawa yake?"

"Kuulaza. Nang'oa vyuma vyote, napiga msasa mpaka mgongo upungue, narudisha vyuma. Ila mti ukishatoka haurudi."

Abeli alitazama viatu vyake. "Mama, kama itakuumiza kuligusa, tutatafuta fundi mwingine."

"Haiumizi," Hana alijibu. Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliomtisha. "Njoo Ijumaa jioni."

Msibani hakulia, na mtaa mzima wa Ipagala ulijua. Wapo waliosema ana moyo wa jiwe, wapo waliosema dawa za usingizi. Hata Mwanaidi alishindwa kumtikisa. Mwanaidi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ni Mnyamwezi wa mjini, wa ukoo wa wale waliofika Dodoma na misafara ya zamani, na kwa Wagogo kama Hana yeye ni mtani. Mtani akiwa msibani hana wa kumfunga mdomo. Siku ya mazishi alivaa koti la marehemu, akashika ufagio kama gitaa, akapandisha kidole juu kabisa ya mpini, na alipofika huko akakunja uso: jicho moja limefumba, meno nje. Vilevile alivyofanya Joshua kila alipopanda kupiga solo. Watu walicheka mpaka wakaanza kulia upya. Uso ule ulikuwa maarufu kanisani. Wazee walisema ndipo Roho anapomshukia. Hana peke yake alibaki mkekani akiutazama ufagio.

Sasa, ili aulaze ubao wa gitaa, alihitaji duara la kuchongea kipimo. Joshua hakuwahi kuwa na vipimo vya dukani. Maduara yote aliyachora kwa vyombo vya jikoni. Chombo kidogo hutoa mgongo mkali, chombo kikubwa hutoa mgongo uliolala, na kwa mpiga solo mwenye kupenda kusukuma nyuzi alikuwa akisema hakuna kipimo kama ungo. Wa Hana ulikuwa umeliwa na mchwa. Akaenda kwa Mwanaidi.

"Mbukwa," Mwanaidi alimsalimu Kigogo, kwa kebehi yake ya kila siku. "Mgogo kaja kuazima ungo. Mtama umekwisha mkaanza kutafuna nyungo?"

"Nataka kuchora duara."

"Ungo wa marehemu mama yangu huo. Ukirudi na tundu nachukua ng'ombe." Alisubiri acheke. Alipoona hacheki, sauti ikashuka. "Chukua, mtani. Nitaufuata mwenyewe Ijumaa."

Karakana ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Hana aling'oa vyuma kimoja baada ya kingine kwa koleo, polepole asiuchane mti, akavipanga kwenye gazeti. Ishirini na moja. Kisha akaingiza mkono chini ya benchi, kwenye sanduku la Joshua, kutafuta kipande cha mbao cha kuchongea kipimo kipya.

Alichotoa kilikuwa kimeshachongwa. Kipande cha urefu wa kiganja, kimebonyea upande mmoja, msasa mkuukuu umegandia pale kwenye bonde. Mgongoni kulikuwa na maandishi ya penseli, herufi za Joshua zilizolala kulia: *Mfuniko. Kidole cha Hana. 2012.*

Alikwenda jikoni na kipande kile mkononi. Akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, ile ya kusongea ugali wa wageni, akauingiza ukingo wake kwenye bonde la mbao. Ulikaa sawasawa.

Alikitazama kidole chake cha shahada, cha mkono wa kushoto. Alikikata akiwa msichana, kwa makasi ya kupogolea mizabibu kule Hombolo, kikapona kikiwa kimepinda kidogo na hakikunyooka tena. Mwaka ule wa 2012 alikuwa anajifunza kupiga rithimu ya kwaya ya kina mama kwa gitaa hilihili, na kila alipokilaza kidole kubana nyuzi zote sita, zile za katikati zilinyamaza. Akakata tamaa. Akaenda Hombolo kumuuguza mama yake mwezi mzima. Aliporudi Joshua alimpa gitaa, akasema, "Jaribu tena." Nyuzi zote zikalia. "Unaona? Mazoezi tu hayo," Joshua alisema. Wakati huo Hana hakujua hata kushika tupa. Ufundi alikuja kufundishwa baadaye. Akaamini. Alipiga miaka miwili, shughuli zilipozidi akaacha, na hakuna aliyemuuliza.

Joshua yeye alibaki na kilima alichokichonga kwa siri kifuate kidole kile. Alipandisha nyuzi ili zisife, akawa anazikandamiza kwa nguvu kila Jumapili, mwaka hadi mwaka, na kila alipofika juu alikunja uso. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haikuwa Roho, yalikuwa maumivu ya vidole, na mke wake aliyeketi benchi la tatu alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine.

Lia basi, alijiambia. Hakikuja kitu. Alirudi karakanani, akakilaza kidole kile juu ya ubao mtupu, usio na nyuzi wala vyuma. Kiliukumbatia mti kuanzia ukingo hadi ukingo, bila pengo. Angeweza kumwambia Abeli limeshindikana. Abeli angeamini, angezipandisha nyuzi, angezoea, na baada ya miaka michache kanisa lingesema Roho amehamia kwake. Hana alikaa na kidole pale mpaka mti ukapata joto. Ndipo akauvuta ungo, akachora duara lake kwenye mbao mpya, akachonga, akabandika msasa. Ungo wenyewe aliuweka chini ya shingo upokee vumbi, kwa sababu sakafu alikuwa ameshafagia.

Alisugua siku mbili, akarudisha vyuma na nyuzi.

Ijumaa jioni Abeli alifika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jaribu."

Mwanaidi naye aliingia nyuma yake kufuata ungo, akaegemea mlango, mdomo umeshajiandaa kwa utani. Abeli aliunganisha spika, akaanza chini, taratibu, kisha akapanda. Hana hakusikiliza nyuzi. Alimtazama usoni. Kidole kilipita chuma cha kumi na mbili, kikapita cha kumi na tano, kikafika juu kabisa na kuusukuma uzi kando, sauti ikapanda, ikaendelea kupanda, haikufa. Uso wa Abeli ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesoma barua.

"Hauumi kabisa, mama," alisema kwa mshangao, bado anapiga. "Hauumi hata kidogo."

Uso uliokunjika ulikuwa wa Hana. Jicho moja lilifumba, meno yakatoka nje, na sauti iliyomtoka haikuwa na adabu wala mpangilio. Abeli aliacha kupiga. Mwanaidi alimwashiria kwa mkono aendelee, naye akaendelea.

Utani haukumtoka Mwanaidi. Aliinama akaokota ungo wake, umejaa vumbi jekundu la mti. Akatoka nao uani ameushika kwa mikono miwili, akiukinga na upepo vumbi lisipeperuke, bila kuupeta.