Lango la Mji wa Chumvi

Baba alikuwa amesimama juu ya stuli, kichwa kimepotea kati ya mapanga ya feni, na chini yake watu wazima wawili walikuwa wakibishana kama jitu lililolala linaweza kusikia harufu.

"Mzee, wewe unaonaje?" mmoja wao, muuza nyama, alimuuliza. "Jitu likilala, na pua nayo inalala?"

 Baba alinyoosha mkono tu, nami nikampa bisibisi.

Nilikuwa nimemleta kwenye duka lile la michezo kwa hila. Feni ilikuwa mbovu kweli, ila fundi wa kuitengeneza alikuwepo mtaa uleule. Nilimwambia Baba kwamba hayupo.

Duka lilikuwa juu ya karakana ya fundi viatu, na harufu ya gundi ilikusindikiza ngazi nzima mpaka mlangoni. Ndani mlikuwa na rafu za michezo ya mezani, vitabu vinene vyenye picha za majoka, dadu za kila umbo ndani ya mitungi ya vioo, na katikati meza moja kubwa ambayo haikuuzwa. Mwenye duka alikuwa mwanamke mpana, aliyewahi kufundisha hesabu akaacha. Tulimwita Mwalimu, maana sauti yake haikutuachia nafasi ya kumwita vingine.

Mara ya kwanza niliingia pale kukwepa mvua. Nilikuwa natoka kazini, tunakotengeneza meno ya bandia, na plasta ilikuwa bado imeniganda kwenye kucha.

"Unatafuta mchezo au unakimbia mvua?" Mwalimu aliniuliza.

"Nakimbia mvua."

"Basi kaa. Mvua yenyewe leo haina haraka."

Nikakaa, na kabla haijakatika nilikuwa mwizi wa farasi mwenye mguu mbovu. Ndivyo michezo ile ilivyo. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mtu anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi. Msimulizi anakuambia umefika wapi, wewe unasema unafanya nini, na jambo likiwa gumu dadu zinaamua. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Pale nilikuwa naongea. Nyumbani kwetu maongezi yalikuwa yamekwisha.

Tangu Mama afariki, Baba alijibu alichoulizwa, basi. Sawa. Nimeshiba. Haya. Jina la Mama lilikuwa limeondolewa nyumbani polepole, kama mtu anavyoondoa glasi mezani kabla mtoto hajaifikia. Baba alikuwa dereva wa treni. Siku Mama alipofariki alikuwa kazini. Habari ilimkuta kituo cha mwisho wa reli, na usafiri wa kumrudisha ulikuwa treni ileile aliyotakiwa kuiendesha. Akaiendesha. Msibani shangazi zangu walinong'ona jikoni: mwanamume gani anamwacha mke wake kitandani, anakwenda kazini? Baba alikuwa mlangoni ameshika birika. Alisikia. Nilimwona akisikia. Akalitua birika, akatoka, na hakujitetea siku ile wala siku nyingine. Nami sikumuuliza, ingawa swali lenyewe lilikuwa likilala na kuamka nasi.

Feni ilikohoa, ikazunguka. Mwalimu akapiga makofi, akamimina chai. Mchezaji wetu mmoja, dada wa duka la dawa, alikuwa amepiga simu kusema hatafika, na kiti chake kilikuwa wazi. Baba alikikalia ili anywe chai yake.

"Mzee," Mwalimu akasema, "tumepungukiwa mtu, na msafara wa watu wawili hauvuki milima."

"Mimi michezo siijui."

"Kujibu ukiulizwa unajua?"

Baba akafikiri. "Kidogo."

"Basi umeshajua nusu. Haya, wewe ni nani?"

Nilidhani atainuka. Alikizungusha kikombe kwenye kisahani. "Mtu anayerudi nyumbani," akasema.

"Kazi yake?"

"Anarudi. Ndiyo kazi yake."

Muuza nyama aliinamisha kichwa kwa heshima zote. Mtu huyu, mwenye mabega yasiyopita mlangoni bila kugeuka upande, alikuwa binti mfalme aliyetoroka ndoa, na hakupenda kuchekwa. "Binti mfalme anafurahi kukufahamu," akamwambia Baba.

Tukasafiri. Tulibeba chumvi, tukapita mto uliojaa, tukalipita jitu na pua yake. Baba alisema machache, lakini nilimwona akisogeza kiti mbele. Jua lilikuwa linaanza kuondoka kwenye rafu tulipofika lango la mji. Mwalimu akashusha sauti, akawa mlinzi. Kila anayeingia alipaswa kujieleza, kisha arushe dadu. Binti mfalme alirusha akapita. Mimi nilirusha vibaya, ikabidi nimbembeleze mlinzi mpaka akachoka nami. Ikafika zamu ya Baba.

"Unakwenda kwa nani?" mlinzi akauliza.

"Kwa mke wangu."

Niliangalia mikono yangu.

"Anajua kuwa uko safarini?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyenituma."

"Alikutuma?" Mwalimu alikuwa akijua tu kwamba Mama amefariki, hakuna zaidi. Aliuliza kama mlinzi anavyouliza.

Baba alikitua kikombe. "Nilitaka kubaki. Asubuhi ile nilikwisha kuvua viatu, nikamwambia leo siendi. Akaniambia, vaa viatu vyako, bwana wee. Ukikaa hapa kunikodolea macho nitajiona naumwa kweli." Akavitazama viatu vyake. "Tukacheka. Nikavaa. Alinifungia kamba mwenyewe, maana nilikuwa nazikosea."

Feni ilizunguka juu yetu.

"Nikaenda," akasema. "Nimechelewa kurudi."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa kwamba nikimgusa atakumbuka kuwa nipo na kunyamaza tena. Mwalimu alinyoosha kidole, akazivuta dadu zilizokuwa mbele ya Baba, akazirudisha upande wake wa meza.

"Lango hili halina dadu kwako," akasema. "Pita, mzee."

Muuza nyama alikisogeza kiti chake karibu na cha Baba. "Binti mfalme," akasema kwa sauti yake nzito, "anatembea naye mpaka ndani."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Haya," akasema. "Chumvi tunaiuzia wapi?"

Tulipomaliza aliuliza kama mchezo ule unauzwa. Mwalimu akauteremsha kutoka rafuni: kitabu, ramani, kifuko cha dadu. Nilimnong'oneza Baba kwamba nimeuona kwenye simu kwa bei nafuu, na unaletwa hadi mlangoni.

"Na simu itatuwekea meza?" akauliza, wala hakunong'ona.

Mwalimu aligeuka kutafuta mfuko, na alichukua muda mrefu kuupata.

Tangu hapo kila zawadi ambayo Baba alimpa mtu aliinunua pale. Wajukuu walizoea, shangazi mmoja alipewa mchezo wa mabaharia, akanuna, kisha akaja kuuliza sheria zake. Kuna mwaka duka lilizidiwa na kodi likahamia chumba kidogo nyuma ya kinyozi. Meza ndiyo ilitusumbua kuishusha. Baba alishika upande mmoja, muuza nyama upande wa pili, na njia nzima Baba akawa anakemea watu kama anayerudisha mabehewa nyuma. Meza bado ipo. Ukitaka kupita kwenda kwenye rafu, inabidi uombe wachezaji wasogeze viti.

Jioni ile ya kwanza tulirudi kwa miguu, yeye amebeba mfuko, mimi sanduku la vifaa.  Karibu na taa za barabarani akasema, "Mama yako hakujua kupiga mluzi."

"Kweli?"

"Hata kidogo. Alijaribu maisha yake yote. Akiona sipo karibu, anajaribu."

"Sasa ulijuaje, kama hukuwa karibu?"

"Nilikuwa nimejificha."

Alisimama, akakunja midomo, akapuliza. Ikatoka pumzi tupu. Muuza magazeti akatugeukia. Baba hakumjali, akapuliza tena.

"Alikuwa anafanya hivyo?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Yeye alifumba macho kwanza."

Akanikabidhi mfuko. Akafumba macho, palepale kando ya barabara, akavuta pumzi.