Sura ya Kombe Kwenye Kofia za Gwaride

Bamba la plastiki lina adabu zake, na Chengo alizijua. Likiingia kwenye tanuri, kwanza hujikunja pembeni kama mtu aliyenuna, kisha hutulia na kunyooka, kisha hulegea na kushusha tumbo. Hapo ndipo pa kulitoa. Ukiwahi, litakataa kushika umbo, ukichelewa, litatoboka. Asubuhi hiyo Chengo alilitoa kwa wakati wake, akalilaza juu ya kalibu ya kutolea umbo, mwenzake akafungua pampu, hewa ikafyonzwa kwa chini, na bamba likaganda pale pale.

Karakana ilikuwa Changamwe, karibu na uwanja wa ndege za kijeshi. Wakati wa vita ilitengeneza madirisha ya ndege. Sasa ni mwaka 1946, vita vimekwisha, na wakubwa walitaka kofia za vita za kufunika uso na deraya za kukinga kifua, za kizamani, wanajeshi wazivae kwenye gwaride la ushindi na kujifanya mababu zao. Kazi ni kazi.

Kofia ya kwanza ilipopoa ilikuwa na uso wa Kombe, mwenzao wa kazi: pua pana, kovu juu ya jicho, na kile kicheko chake cha upande mmoja. Chengo akaipapasa kalibu. Ilikuwa laini, haina pua wala kovu. Akaitundika kofia, akatia bamba la pili, nalo likatoka Kombe. Msimamizi, Mzungu mwenye haraka, aliitazama akasema pua imezidi kidogo, lakini gwaride li karibu, waendelee.

Mabamba hayo yaliokolewa kwenye ghala lililoungua masika. Kombe alikuwa ndani akipanga mzigo, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa amri, wafanyakazi wasije wakaiba. Majivu ya mzigo na ya mtu yalizolewa yote pamoja yakamwagwa Kipevu. Ofisi ikatangaza kwamba Kombe ametoroka kazi, maana ukisema mtu ametoroka huulizwi habari za kufuli.

Tangu hapo Mbeyu, mkewe Kombe, hakuwa mke wala mjane. Askari alikuja kila mara kumtafuta mtoro nyumbani kwake. Wazee wa ukoo nao walikataa kukaa hanga la kumlilia mtu ambaye serikali inasema yuko mbioni. Inauma sana kunyimwa hata kilio.

Jumamosi Chengo alificha kofia moja ndani ya kikapu cha muhogo, akampelekea.

"Shemeji, nimekuletea Kombe."

Mbeyu akaipakata, akapitisha kidole juu ya kovu. "Amekonda," akasema.

"Bamba likivutwa sana hukonda."

Wazee wakaitwa. Baba mzazi wa Kombe aliinama, akatazama kwa muda. "Ndiye," akasema. "Aoshwe, azikwe."

Maji yakapashwa moto, kama anavyostahili maiti. Chengo alikuwa nyuma ya nyumba akichimba kaburi, kwa hiyo hakuwapo wa kuwaambia kwamba plastiki ikipata moto tena hurudi kuwa bamba kama ilivyokuwa. Wazee wakamimina. Kovu lilifutika kwanza, kisha pua. Kicheko kilikaakaa kidogo, nacho kikanyooka. Mikononi mwao likabaki bamba tupu.

Mbeyu akalia, kwa mara ya kwanza tangu moto ule.

"Tumemwona," baba yake Kombe akasema. "Mfunikeni." Wakalivika bamba sanda, wakalizika, wakakaa hanga.

Siku ya gwaride Mbeyu alisimama kando ya njia na kaniki yake ya kufiwa. Wanajeshi walipita safu kwa safu, kila mmoja amevaa Kombe, na watu wakapiga makofi. Yule askari wa kumtafuta mtoro akaja kusimama karibu naye.

"Mama, mumeo umemwona?"

"Nimemwona."

"Wapi?"

Mbeyu akanyoosha mkono. Askari akazitazama zile sura moja moja mpaka safu ya mwisho ilipopita. Alimjua Kombe vizuri. Walikuwa wakicheza bao pamoja.

"Hao ni watu wa serikali," akasema kwa upole. "Mimi namtafuta mtoro. Akirudi nyumbani, uje uniambie."