Maji ya Bi Mwanakombo

Temeke nzima, enzi za Mwingereza, iliijua mikono ya Bi Mwanakombo. Mzazi akikandwa naye kwa maji ya moto, kesho yake anatwanga. Wapo walioapa kwamba alimkanda mke wa mtu, akapona kiuno mume aliyekuwa Tabora.

Benedicta, mpangaji wake, mke wa Ansbert, karani mcheshi, hakuwa mzazi. Alitoka hospitali jana yake, amepasuliwa tumbo. Daktari alikuta vinyama vya mji wa uzazi vimeota nje, mahali pasipo pake. Ndivyo vilivyokuwa vikimgalagaza kila mwezi. Vidonge vilituliza kidogo, lakini akivuta pumzi tu, mshono ulimchoma kama kaa la moto.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Bi Mwanakombo huyo, na beseni linafuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lala chali."

"Bibi, mie sijazaa."

"Kwani mie kipofu? Tumbo likipasuliwa, damu hulala ndani. Isipokandwa inaoza. Fungua kanga."

Akachovya taulo, akalikamua. Mvuke ukapanda mpaka darini. Benedicta akaitazama ile mikono, mipana kama makasia: mgandamizo mmoja tu, nyuzi zote zingefumuka. Kwao Bukoba mkubwa hakatazwi. Ansbert yuko kazini. Taulo likaja.

Akaudaka mkono.

"Hapana, bibi!"

"Unanikataza mie? Nyumbani kwangu?"

"Nifukuze ukitaka, ila tumboni usiniguse. Tazama." Akafunua kanga, akainua bendeji.

Bi Mwanakombo akainama. Ulimi ambao haukupumzika tangu Mjerumani aondoke, ukauliza kwa upole:

"Toka lini unaumwa hivi?"

"Toka nilipovunja ungo."

"Na kila mwezi unanidanganya eti mihogo! Nimemgombeza muuza mihogo mpaka kahama mtaa!"

Benedicta akacheka, na kicheko kikamkata kama kisu. Akajikunja, machozi yakamtoka. Bi Mwanakombo akampachika mto tumboni upesi.

"Ukumbatie. Ukikohoa, ukumbatie. Mie nanyamaza."

Akangoja taulo lipoe, likawa vuguvugu. Akamgeuza ubavu taratibu, akalilaza kiunoni kwa nyuma, bila kukandamiza. Maumivu hayakwisha, yalijisogeza tu, kama mtu anayempisha mwenziwe kwenye benchi. Benedicta akavuta pumzi, ikafika.

"Sasa kidonge, kisha usinzie," bibi akanong'ona. "Na huyo mumeo akija na vichekesho vyake, leo atalala ukumbini."